MREJESHO: Sato wenye vidonda, dawa haikufanya kazi

Wadau, swali lilikuwa hili: sato wa bwawani wana vidonda vyekundu na tumbo limejaa maji, amoksisilini (dawa ya kuua bakteria) imemwagwa majini siku 5, vifo vinaendelea. Majibu ya maabara yametoka: ni Aeromonas hydrophila. Bakteria huyu ana usugu wa asili kwa amoksisilini, yaani dawa hiyo haimwezi, kwa hiyo dozi yoyote ingekuwa kupoteza hela bure. Oksitetrasaiklini, dawa nyingine ya bakteria, nayo imegoma kwenye kipimo. Florfenikoli, nayo dawa ya bakteria, ndiyo inamdhibiti bakteria huyu.

Sampuli ilitoka kwenye figo za samaki mgonjwa aliye hai. Aliyekufa majini hafai, maana bakteria wa uozo humvamia haraka.

Dozi ya florfenikoli aliyoandika daktari wa mifugo ni miligramu 10 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, siku 10, ndani ya chakula. Samaki wakila asilimia 2 ya uzito wao, kilo 1 ya chakula inabeba gramu 5 za unga wenye florfenikoli asilimia 10. Changanya na mafuta kidogo ya kupikia, anika kivulini. Asiyekula hapati dawa, kwa hiyo anza mapema. Vifo vikikoma siku ya 4, endelea hadi ya 10. Usikatishe njiani. Hakuna kuvua wa kuuza mpaka muda wa kusubiri dawa itoke mwilini mwa samaki uishe.