Kovu la shavuni: leza au kukatwa? Nipo Mbeya

Nzovwe_01: Wakuu habari. Nina kovu usoni linaninyima raha. Hela nimeshajichanga, nataka liishe kabla ya harusi ya dada mwezi wa 12. Wengine wananiambia leza, wengine likatwe lishonwe upya. Kipi bora?

MamaTukuyu: La nini mwanangu? Ajali, chunusi, moto? Limebonyea au limeinuka? Lina muda gani? Bila hayo tutakupoteza.

Kihesa_Juu: Leza mkuu. Vishimo vyangu vya chunusi vimepungua sana. Nilifanyia Dar.

Fundi_Makambako: Vishimo sawa, lakini kwa ngozi nyeusi leza si ya kukurupukia. Rangi ya ngozi inafyonza ule mwanga. Ukizidishwa unabaki na doa. Ulizia leza iitwayo Nd:YAG, yenye wimbi la mwanga la nanomita 1064, hiyo inapita chini zaidi na ina hatari ndogo kwa ngozi yetu.

Nzovwe_01: Ajali ya bodaboda, Uyole. Miezi mitano sasa. Limeinuka, linawasha, na limeenea hadi pale ambapo sikuchanika.

MamaTukuyu: Sasa umesema. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mpaka wa jeraha. Likivuka, hiyo keloidi, na keloidi haikatwi hivi hivi! Binti yangu alitobolewa sikio, pakaota kinundu kama punje ya kunde. Zahanati moja wakakikata, wakashona, wakamwambia amepona. Hawakumpa sindano wala tarehe ya kurudi. Haukupita muda kikarudi kikubwa, kikazunguka hadi nyuma ya sikio, usiku anajikuna mpaka analia. Shuleni akawa hafungui kitambaa kichwani. Kilichomsaidia ni sindano za triamcinolone, dawa ya steroidi, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Zinauma, lakini kilishuka na muwasho ukaisha.

Njombe_Baridi: Kabla ya kumaliza hela, paka mafuta ya parachichi. Huku tunakamua wenyewe.

Fundi_Makambako: Mafuta yanalainisha tu ngozi, keloidi hayaishushi. Afadhali karatasi ya silikoni, unaibandika saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi.

Njombe_Baridi: Bibi yangu aliungua na maji ya moto, akapaka hayo hayo na leo huoni kitu.

MamaTukuyu: Huenda halikuwa keloidi, ndugu yangu. Makovu hayafanani.

Nzovwe_01: Kwa hiyo kisu hakuna kabisa?

Fundi_Makambako: Kipo, ila kikifuatwa na sindano au mionzi. Likikatwa peke yake, mara nyingi hurudi. Na kwa harusi ya mwezi wa 12 usijibane, haya mambo huenda taratibu.

Kihesa_Juu: Bado nasema aulizie leza.

MamaTukuyu: Aanzie Rufaa hapo Mbeya, aombe kuonana na daktari wa ngozi. Ikishindikana, Moshi, hospitali ya KCMC. Pale kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.

Njombe_Baridi: Si ndiko wanakotengeneza Kilisun, losheni ya jua ya wenye ualbino? Nina mtoto wa kaka anaihitaji sana. Kutoka Makambako basi la moja kwa moja hadi Moshi lipo?

Fundi_Makambako: Yapo. Wahi stendi asubuhi na mapema.