Kihisi cha urujuanimno: mkondo unapanda haraka, kushuka unajivuta

MwanaPaje: Asalaam alaykum wakubwa zangu. Nasoma fizikia hapa Unguja. Natengeneza kihisi cha mionzi ya urujuanimno kwa nyaya nano (nyembamba mno kuliko unywele) za zinki oksaidi, nimeziotesha kwenye maji ya zinki naitreti na heksamini, nyuzijoto 90. Nakitaka kwa mama zetu wa mwani wa Paje, wanaoinama juani tangu maji yakipwa hadi yajae. Nikiwasha taa ya urujuanimno ya nanometa 365 mkondo wa umeme unapanda vizuri. Nikizima, dakika zinapita bado haujashuka. Wingu likifunika, kihisi kinaendelea kusoma jua kali. Ncha zote mbili nimeweka alumini. Nifanyeje?

FundiDarajani: Waalaykum salaam mdogo wangu. Tatizo ni oksijeni. Gizani hujibandika juu ya waya na kushika elektroni. Mwanga ukija, matundu yenye chaji chanya (nafasi zilizoachwa na elektroni) huibandua, elektroni zikabaki peke yake, mkondo ukapanda. Taa ikizimwa, mkondo hautulii mpaka oksijeni irudi, nayo hurudi polepole. Ukubwa wa mkondo wako na uvivu wake wa kushuka vinatokana na jambo hilo hilo.

MtuWaWete: Ncha moja weka dhahabu. Alumini huachia elektroni zipite tu. Dhahabu hujenga kizuizi cha Schottky, yaani ukuta wa umeme pale metali inapogusana na waya, na uga wa umeme uliopo pale huzitenga elektroni na matundu papo hapo, bila kungoja oksijeni. Ila osha kwanza nyaya kwa haidrojeni peroksaidi, maana juu ya zinki oksaidi chafu hata dhahabu huweza kukosa kizuizi. Mkondo utapungua sana, tayarisha kikuzaji cha kuukuza.

BiMkubwa_Maabara: Mwanangu, na unyevu je? Mvuke wa maji hugombania nafasi na oksijeni juu ya waya, na pwani yetu unaijua. Pimia ndani ya kisanduku chenye jeli ya silika inayofyonza unyevu, kisha ulinganishe. Tena tumia osiloskopu, chombo kinachochora umeme unavyobadilika, maana multimita ni nzito kufuata mabadiliko ya haraka. Andika muda wa kushuka kutoka asilimia 90 hadi 10. Kwa kufuata mawingu, sekunde moja inakutosha kabisa. Usiihangaikie milisekunde ukapoteza mkondo wote.

MwanaPaje: Nashukuru sana. Dhahabu ncha zote mbili haitakuwa bora zaidi?

MtuWaWete: Itafanya kazi, lakini lazima uipe volti. Ncha moja dhahabu, nyingine alumini, kihisi huweza kusoma jua bila betri. Kwa mtu aliye ndani ya maji ya chumvi, mimi ningechagua hicho.