Naomba ushauri: tule kabla ya mchezo wa kuigiza au baadaye?

Habari zenu, ndugu. Jumamosi ijayo nakusudia kuitoa familia yangu jioni, tule chakula na kutazama mchezo wa Kiswahili katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, ule ulioko Barabara ya Harry Thuku na uliofunguliwa mwaka 1952.

Tatizo ni saa. Mchezo unaanza saa moja kamili, nasi tutakuwa na mama mkwe, ambaye hakubali swala ya Magharibi impite, na jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu; kwa hiyo tukila kwanza, itatubidi kuketi mezani saa kumi na moja, wakati ambao yeye hunywa chai tu, na tukila baadaye, kitindamimba wetu wa miaka mitano atakuwa amelala begani mwangu kabla sahani ya pilau haijafika. Nilifikiria aswali Msikiti wa Jamia, ila msongamano wa magari wa jioni nauogopa.

Je, nyinyi mngepangaje? Na ni wapi karibu na ukumbi huo penye chakula halali, kisichochelewa, pasipo na muziki wa kelele? Mama hawezi ngazi nyingi, magoti yanamsumbua.