SLR ya filamu ya bei nafuu: Pentax K1000, Canon AE-1 au Nikon FM, na lenzi zinazoziingia

KasiSitini:
Wakuu, nalinganisha SLR (kamera zenye kioo ndani, unachungulia kupitia lenzi yenyewe) tatu za milimita 35: Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM. Nitapiga watu na mitaa, mchana, kwa filamu za ISO (wepesi wa filamu kwa mwanga) 200 na 400. Nitaanza na lenzi ya 50mm, baadaye 28mm. Ipi haitanisumbua kwa lenzi na matengenezo?

FundiShata:
Mkuu, anza na mdomo wa lenzi (sehemu lenzi inapofungwa kwenye kamera) kabla ya jina la kamera, maana bodi (kamera bila lenzi) utabadilisha lakini lenzi zitabaki.

K1000 inatumia mdomo wa K wa mwaka 1975. Lenzi yoyote ya K yenye pete ya kitundu (tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi) inafanya kazi: za aina ya M, A (usiache pete kwenye alama ya A) hata FA. Kimbia lenzi za DA. Hazina pete, kitundu kitajifunga hadi mwisho, na zimetengenezwa kwa sensa ndogo za dijitali. SMC Pentax-M 50mm f/2 ndiyo mara nyingi huja na bodi. Inatosha kabisa, ila f/1.7 (kitundu chake hufunguka zaidi) ni bora ikiwa tofauti ya bei ni ndogo.

AE-1 inatumia FD, mdomo ambao Canon waliuacha mwaka 1987 walipoingia EF. Lenzi za FD ni nzuri sana, ila usidanganyike kwamba utazihamishia kwenye EOS (kamera za Canon za mdomo wa EF) baadaye: bila adapta yenye kipande cha lenzi ndani hazifokasi mbali.

FM inatumia mdomo wa F ulioanza mwaka 1959. Tafuta lenzi za Nikon za aina ya AI au AI-S, au AF-D zenye pete. Za G hazina pete, kwa hiyo achana nazo.

Bi_Negativu:
Naongezea upande wa umeme, maana hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. AE-1 ikiishiwa betri (moja ya volti 6, 4LR44) shata (mapazia yanayofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu) haifyatuki kabisa. K1000 na FM ni za kimakanika, betri ni ya mita ya mwanga tu. K1000 inatumia kidonge kimoja cha LR44 na FM viwili, lakini weka SR44: volti yake haishuki polepole, hivyo mita haipotoki.

Angalizo moja la K1000: haina swichi ya mita. Usipofunika lenzi kwa kifuniko, betri inaliwa hata kamera ikiwa kabatini.

AE-1 ina faida yake lakini. Unachagua kasi, yenyewe inachagua kitundu. Kwa watu wanaotembea hiyo ni raha.

FundiShata:
Kweli, Bi. Ila sikiliza sauti ya AE-1 kabla ya kulipa. Ikifyatuka kwa mlio kama wa kukohoa au bawaba kavu, gia za kioo zimekauka mafuta. Inatibika, lakini tone la mafuta lazima liingie mahali pake. Likimwagika linafika kwenye mapazia ya shata.

Ukaguzi wa bodi yoyote: toa lenzi, fungua mgongo, elekeza kwenye mwanga. Weka kasi ya 1/1000 ya sekunde, fyatua mara kadhaa huku ukichungulia. Upande mmoja ukibaki giza, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari, na picha zitakuwa na ukanda mweusi. Kisha weka sekunde 1. Ikiganda au ikijivuta, grisi imekauka.

Sponji za kuzuia mwanga kwenye mgongo ukizigusa zikanata kama lami, mwanga utavuja. Hilo lisikutishe: kwangua kwa kijiti, safisha kwa spiriti, bandika sponji mpya. Usimwage spiriti ovyo karibu na shata, na usiguse kioo kwa kidole.

Mdomo_M42:
Kwa 28mm, nadhani K inashinda. Adapta ya M42 (mdomo wa zamani wa skrubu) kwenda K inakupa lenzi nyingi za skrubu za Takumar, Praktica na Zenit, na fokasi ya mbali haipotei. Sharti adapta izame ndani ya mdomo. Zile zenye ukingo unaokaa nje huisogeza lenzi mbele na fokasi ya mbali inapotea. Kitundu hakijifungi chenyewe: fokasi kikiwa wazi, kisha kifunge kwa mkono ndipo usome mita.

Lenzi yoyote ipitishie tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama utandu wa buibui ni kuvu, iache. Vumbi kidogo halina shida. Mafuta kwenye majani ya kitundu yanayafanya yachelewe kufunga, na picha zinapata mwanga kupita kiasi.

KasiSitini:
Naelekea K1000. Mita nitaipimaje bila kuchoma filamu?

Bi_Negativu:
Jua kali, mchana, bila wingu. Weka ISO 400, kasi 1/500, kitundu f/16, elekeza kwenye nyasi au ukuta wa kijivu unaopigwa na jua. Sindano inatakiwa kukaa karibu na katikati. Ikikaa katikati ukiwa f/11, na inarudia hivyo kila mahali, weka ISO 800 kwenye piga na uendelee. Negativu ya rangi huvumilia mwanga wa ziada, upungufu haiuvumilii. Sindano ikirukaruka ukiwa umetulia, safisha kwanza kutu kwenye chumba cha betri. Ikiendelea, iache hiyo bodi utafute nyingine.