Kadi ya mtandao inagoma kwenye kompyuta yenye RAM MB 256, nisaidieni

LabChamwino: Wakuu, habari za majukumu. Nina Pentium 4 hapa Chamwino, RAM MB 256, Debian 12 ya biti 32 bila sura ya dawati. Kazi yake ni kugawa mafaili na kuhudumia printa. Kadi ni Realtek 8139, draiva 8139too. Ikiwashwa, mtandao unafanya kazi vizuri mchana kutwa. Saa nane usiku kuna kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya `ifdown` na `ifup`, yaani kushusha kadi na kuiinua tena, ili kuzuia mtandao kuganda. Asubuhi nakuta kadi imelala. Nikijaribu kuiinua kwa mkono: `RTNETLINK answers: Cannot allocate memory`, yaani kumbukumbu haikupatikana. Nikiwasha upya inarudi. Kadi imekufa?

VumbiLaDodoma: Zima, chomoa kadi, sugua meno yake kwa kifutio, pulizia sloti. Kwa kiangazi hiki vumbi linaua kadi nyingi.

fundi_makole: Usafi ni mzuri, lakini vumbi haliandiki ujumbe huo. Kadi yenye meno machafu haionekani kwenye `lspci` (orodha ya kadi zilizomo) au inapoteza pakiti. Mkuu, tuwekee `dmesg | tail -40` (ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo) na `cat /proc/buddyinfo` (hesabu ya vipande huru vya RAM).

LabChamwino: dmesg: `page allocation failure: order:4`. buddyinfo:
`Node 0, zone Normal 412 188 61 9 0 0 0 0 0 0 0`

fundi_makole: Basi jibu limejitokeza. Safu ya kwanza ni vipande huru vya KB 4, ya pili KB 8, ya tatu KB 16, kila safu maradufu ya iliyotangulia. Jumlisha: una kama MB 4.3 huru, ila hakuna hata kipande kimoja cha KB 64. Na order:4 ni KB 64 zilizoshikana.

Kwa nini 64? 8139too inapokea pakiti kwenye bafa (eneo la RAM la kuzihifadhi kwa muda) moja ya KB 32, na juu yake nyongeza ya KB 2 na ushee. Hiyo inavuka kurasa 8 (ukurasa mmoja ni KB 4), na kerneli hugawa kwa maradufu, kwa hiyo inatafuta kurasa 16. Kuanzia order 4 kwenda juu kerneli haing'ang'anii sana, inakata tamaa mapema.

Sasa la msingi: bafa hiyo haiombwi draiva inapopakiwa, inaombwa kadi inapoinuliwa, na inaachiwa kadi inaposhushwa. Mashine ikishawashwa tu RAM ni nzima, inapatikana. Usiku imeshachanikachanika, kroni yako inaachia bafa iliyokuwa salama, halafu inaomba nyingine isiyokuwepo. Ifute hiyo kroni leo.

kibaigwa_net: Kwani asipunguze bafa kwa `ethtool -G eth0 rx 64`?

fundi_makole: 8139too haikubali, utajibiwa kuwa haiwezekani. Amri hiyo ni ya kadi zenye ringi za kweli (foleni ya bafa ndogo nyingi badala ya moja kubwa), kama e1000. Draiva ya 8139cp ina ringi, ila inataka chipu ya 8139C+. Angalia `lspci -nn`, ukiona `rev 10` sahau.

Kuiinua sasa bila kuwasha upya, ukiwa root, safisha kache kisha unganisha vipande vya RAM:
`sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`
`echo 1 > /proc/sys/vm/compact_memory`
Soma buddyinfo tena. Safu ya tano au zaidi ikipata namba, piga `ifup eth0` hapohapo.

Kisha weka `vm.min_free_kbytes = 6144` (KB ambazo kerneli hujitahidi kuziacha huru) kwenye `/etc/sysctl.d/60-ram.conf` na upige `sysctl --system`. Kwa MB 256 chaguo-msingi ni takriban 2048. Usipande hadi 30000, programu zitaanza kuuawa.

kibaigwa_net: Na swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM)?

fundi_makole: Bafa ya kadi haihamishiki kwenda diski. Swapu husaidia kwa mlango wa nyuma tu, kwa kuondoa kurasa za programu.

LabChamwino: Nimefuata, safu ya tano ikasoma 11, kadi ikainuka. Nikinunua ya gigabiti inayotumia r8169, nitakuwa nimepona?

fundi_makole: Inaomba vipande vya KB 16, rahisi kupatikana, ila inavitaka 256, yaani MB 4 nzima. Kwa mashine yako hiyo ni mzigo. Hela hiyo tafutia RAM ya pili. Soma kwanza lebo ya iliyomo: DDR haiingii kwenye sloti ya DDR2. Na kama video iko kwenye ubao, ingia BIOS ushushe RAM iliyotengewa video kutoka MB 32 au 64 hadi 8. Mashine isiyo na dawati haizihitaji.