Nataka kujenga kibanda cha darubini nyuma ya nyumba Uyole, nguzo na paa nifanyeje?

mtazamaji_uyole
Habari zenu wakuu. Nina darubini ya kioo cha inchi 8 na stendi yake ile ya kuzunguka ikifuata nyota, ni mzigo kweli, kila usiku natoa nje napanga upya, saa nzima inaishia hapo na baridi ya Juni ya huku mnaijua. Nina nafasi kama mita 3 kwa 3, nataka kibanda cha kudumu chenye paa la kusukuma. Fundi anasema tumwage jamvi na nguzo ya katikati kwa pamoja, ni sawa? Halafu stendi inainama mwisho digrii 20, chini ya hapo haiendi.

mchonga_zege
Mkuu usikubali, nguzo na jamvi visigusane kabisa. Mimi hapa Iringa nilimwaga pamoja, siku ya kwanza nimeikamata Mshtarii na miezi yake minne imejipanga kama shanga, mwanangu akaingia kwa hatua zake za kawaida tu, vyote vikaanza kurukaruka. Nikachonga kwa patasi kuzunguka nguzo siku tatu. Wewe chimba shimo lake peke yake kama mita moja, funga nondo, mwaga zege, ukija kwenye jamvi zungushia vipande vya godoro upana wa vidole viwili. Paa tumia magurudumu ya geti la kuteleza, na weka komeo pande zote, upepo wa kiangazi unang'oa bati hivi hivi.

dada_zohali
Kaka hiyo digrii 20 ndio shida kubwa. Mhimili wa stendi lazima uelekee ncha ya anga ya kusini, yaani ile nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, na ncha inakuwa juu ya upeo kwa digrii zile zile za latitudo yako. Mbeya tupo kama digrii 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ipo chini sana, na stendi nyingi zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani ambao ncha yao ipo juu huko digrii 40 au 50. Mchomeleaji akutengenezee sahani ya chuma ya juu ya nguzo iinamie kusini digrii 11, 20 toa 11 unabaki na 9. Nguzo iwe nyembamba juu ili fimbo ya mzani, ile yenye uzito wa kusawazisha darubini, isiigonge.

Huku hatuna nyota angavu kwenye ncha kama wenzetu wa kaskazini walivyo na Polaris, Sigma Octantis, nyota yetu ya karibu na ncha ya kusini, ni hafifu na kwetu inazama kwenye moshi wa mashamba. Chukua nyota iliyo karibu na utosi, iangalie dakika kumi, ikiteleza kwenda kaskazini au kusini zungusha stendi kidogo kushoto au kulia, rudia mpaka itulie. Ukiwa na nguzo unafanya mara moja imeisha. Na paa lisukumwe magharibi, likuzibie taa za jiji.

njombe_baridi
Mvua zikianza Novemba darubini irudi ndani ya nyumba mpaka Aprili, changu kioo kilishika fangasi. Bati paka nyeupe, fungua jua likizama, joto likibaki humo picha inacheza.

mtazamaji_uyole
Asanteni sana, fundi nimemsimamisha, kesho shimo la nguzo kwanza. Dada, mchomeleaji hana kifaa cha kupima digrii, 11 ataipataje?

dada_zohali
Kila sentimita 10 za kwenda mbele, upande wa kusini ushuke karibu 2. Apime kwa pimamaji na rula.