Memori kadi ya 64GB kwenye rekoda ya zamani, naomba ushauri wa komandi

Wakuu habari zenu, nina rekoda ya sauti ya kitambo inayokubali kadi za memori za SDHC tu, yaani mwisho 32GB, na kadi niliyonayo ni ya 64GB ambayo imekuja na mfumo wa mafaili wa exFAT, nikiichomeka inaleta "card error" hapohapo. Windows 10 ukitaka kuifomati kwa mausi haikupi FAT32 (mfumo wa mafaili unaotumika kwenye SDHC) kabisa, inakuwekea NTFS na exFAT basi, kwa hiyo nikaingia diskpart (programu ya Windows ya kupanga diski kwa komandi) nikakata patisheni, yaani sehemu ya kadi, ya MB 30000:

list disk
select disk 2
clean
create partition primary size=30000
format fs=fat32 quick

(Hapo kwenye select muwe na macho jamani, ukikosea namba clean inaondoka na diski ya kompyuta.)

Imekubali vizuri, na rekoda sasa inaiona kadi, ila nikianza kurekodi inaganda mpaka nitoe betri. Ninachohisi ni klasta (vipande vidogo ambavyo nafasi ya kadi inagawiwa), maana kwa saizi hiyo Windows yenyewe inaweka 16KB, sasa nikihamia Linux nikapiga mkfs.fat -F 32 -s 64 /dev/sdb1 nipate klasta za 32KB itasaidia au najichosha? Au tatizo ni patisheni inapoanzia, kwa sababu diskpart inaanzia 1MB wakati kadi nyingi za SDHC zinatoka kiwandani zikianzia 4MB?

Aliyewahi kupambana na hivi vyuma vya zamani anipe komandi alizotumia. Na wa "nunua kadi ndogo" nawaelewa, ila nataka kwanza nijue inakwama wapi.